Treni Iliyokataa Kupita Darajani

Mwalimu Mkuu alipoinyooshea kidole stesheni ya darajani na kusema, "Hiki kibanda kiondoke," abiria wote wa stesheni ile walikuwa wamesimama wakimtazama. Hawakumjibu, kwa sababu walikuwa wa nta ya mshumaa. Aliyemjibu ni Nukta.

"Kiende wapi, Mwalimu?"

"Popote. Kiondoke tu."

Nukta alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mfupi kiasi cha kuombewa kiti kila picha ya darasa ilipopigwa, na ufupi huo ndio uliompa jina. Lakini shule nzima ilijua kwamba nukta ikitua pasipo pake huvuruga ukurasa mzima. Yeye na wenzake wa Chama cha Reli walikuwa wamejichimbia kila Jumamosi katika chumba kilichokuwa maktaba kabla paa halijaanza kuvuja, wakijenga juu ya meza mbili za mpira wa meza ile reli inayopita nyuma ya shule. Si reli ya kubuni. Ile ile. Mataruma yake, yanayolala chini ya chuma cha reli, yalikuwa njiti za kibiriti zilizokatwa vichwa. Kokoto zilichekechwa kwa soksi ya golikipa wa shule, ambaye hakuombwa ruhusa na mpaka leo anaitafuta. Milima ilikuwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga, na udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokwisha kazi jikoni, kwa hiyo bonde zima lilinukia saa ya mapumziko.

Likizo ilipofika, kila mwanachama alisafiri kwenda kwao akiwa amebandika pua kwenye dirisha la behewa, akikariri kona, madaraja na miti ya upande wake, kisha akarudi na kuijenga. Aliyethubutu kusema "nadhani hapa palikuwa na mti" alitolewa nje akatafakari. Chama kile hakikujenga juu ya nadhani.

Stesheni ya darajani Nukta aliijenga peke yake, wala hakuhitaji dirisha. Alizaliwa pale. Mama yake, ambaye watu wa njia nzima walimwita Mama Stesheni, ndiye aliyekuwa mkuu wa stesheni hiyo, nao waliishi kwenye vyumba vya nyuma, ambamo treni ya mizigo ikipita vikombe hucheza ngoma kabatini. Nukta aliweka kila kitu mahali pake: benchi lenye mguu mmoja wa tofali, pipa la maji, kengele, mbuzi wa jirani asiyejua mipaka, na mama wa nta mwenye kofia.

"Lakini Mwalimu," alisema Fundi Waya, kijana aliyekuwa na mamlaka yote juu ya umeme wa meza ile, "stesheni hii ipo kweli. Treni inasimama pale kila siku."

"Inasimama kwa sasa," alisema Mwalimu Mkuu. "Mgeni rasmi wa siku ya wazazi ni Mkurugenzi wa reli. Na Mkurugenzi ameshaamua kuwa mwakani stesheni hiyo inafungwa. Abiria wachache. Sasa mimi nimwalike mtu, nimkirimu, halafu nimwonyeshe mezani kitu alichokwisha kukifuta? Mnataka nionekane vipi?"

Habari hiyo Nukta alikuwa nayo tangu likizo. Alikuwepo mama yake alipoipokea. Mama Stesheni alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaivaa tena, akatoka kwenda kuipokea treni. Nukta alirudi shuleni na neno ambalo mama yake hakulisema, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta pa kulitemea.

"Kisipoondoka," Mwalimu Mkuu akahitimisha, "meza yote inakwenda stoo, na chama chenu kinaifuata."

Nukta aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao ungemtia wasiwasi mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha.

"Tumesikia, Mwalimu. Tutaondoa kibanda na watu wake. Kitu kingine hatutagusa hata kwa ukucha."

"Hapo sawa. Ndiyo maana nawapenda."

Mlango ulipofungwa, Fundi Waya alimgeukia kama mtu aliyepigwa kofi na rafiki.

"We Nukta! Umekubali hivi hivi? Stesheni ya mama yako?"

"Nimekubali kuondoa nyumba. Kwani treni inasimama pale kwa sababu ya nyumba?"

Fundi Waya aliitazama reli mbele ya daraja. Kisha tabasamu likaanza kumpanda taratibu, likafika masikioni likakosa pa kwenda.

Maana reli ile ilikuwa ya njia moja. Treni ya kupanda na treni ya kushuka zilitumia chuma hicho hicho, na ng'ambo ya daraja hapakuwa na pa kukwepana. Ili zisibusiane usoni, kulikuwa na sheria ya tangu enzi za makaa ya mawe: dereva havuki daraja mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi fimbo ya kibali. Fimbo ilikuwa moja tu. Dereva asiye nayo, hata awe amembeba bwana harusi aliyechelewa, atangoja. Chama cha Reli kilipojenga njia kilijenga na sheria yake. Fundi Waya alitega umeme usivuke daraja mpaka fimbo, yaani msumari uliozungushiwa waya wa shaba, uchomekwe kwenye tundu lililo mbele ya stesheni. Na aliyeruhusiwa kuuchomeka alikuwa mwenye zamu ya stesheni, basi. Golikipa aliwahi kuuchomeka kwa kujifurahisha, na ndipo soksi yake ilipotwaliwa.

Stesheni iling'olewa kwa heshima zote. Wanachama walijipanga mistari miwili, wakavua viatu, na Fundi Waya akasoma wasifu wa marehemu: "Amefariki akiwa bado anahitajika. Ameacha benchi, pipa, na mbuzi asiye na wa kumfukuza." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nukta alicheka pia, lakini ilipofika zamu ya mama wa nta, hakuweza kumtia kwenye kopo pamoja na wengine. Alimtia mfukoni mwa shati. Mahali pa stesheni palibaki peupe, kama kichwa kilichonyolewa siku ya kwanza ya muhula.

Siku ya wazazi ilipofika, wazazi wengi waliletwa na treni yenyewe, na kundi kubwa lao lilikuwa limepandia stesheni ya darajani. Mama Stesheni alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameomba siku ya mapumziko, lakini alikuja na sare yake na kofia yake. Alizunguka meza polepole, akaitambua kona ya machimbo, akalitambua daraja, kisha akafika penye weupe.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mbona mimi hapa sipo?"

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini?"

"Treni."

Mama alikuwa amemzaa mwenyewe, kwa hiyo alijua kuna jambo. Akasogea nyuma, akakunja mikono.

Mkurugenzi aliingia akiwa na viatu vya kujitazamia na kicheko cha mtu aliyelala vizuri. Kusema kweli alikuwa mtu mwema wa kawaida, na hilo ndilo lililomuudhi Nukta zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa na pembe. Aliinama juu ya meza, macho yakamng'aa kama ya mtoto.

"Jamani! Haya mataruma ni njiti za kibiriti? Na hapa ndipo njia inapopinda machimboni! Hebu iwasheni tuone."

Fundi Waya aliiwasha. Treni ikajikohoza, ikaondoka stesheni kuu, ikapita shuleni, ikazama handakini, wazazi wakabana pumzi, ikaibuka upande wa pili watu wakapiga makofi. Ikafika mbele ya daraja, penye weupe. Ikasimama.

Watu wakangoja. Fundi Waya akaanza kulichunguza paa linalovuja kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona.

"Endesheni," Mwalimu Mkuu alisema huku akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Haiwezekani, Mwalimu," alisema Nukta. "Dereva hana kibali."

"Mpeni basi hicho kibali!"

"Anayetoa kibali ni mkuu wa stesheni, Mwalimu. Na stesheni tumeiondoa. Tuliamriwa."

Kicheko cha chini chini kilipita katikati ya wazazi wa darajani kama upepo kwenye majani makavu. Mwalimu Mkuu alibadilika rangi. Mkurugenzi alimtazama Mwalimu Mkuu, akautazama ule weupe, akaelewa. Alikuwa mtu wa reli, hakuhitaji kuchorewa picha.

"Sawa, nimeipata," alisema, kicheko kikiwa kimepungua. "Mna akili. Lakini mambo yanabadilika, watoto wangu. Mbele huko tutakuwa na mitambo. Lete huo msumari niuchomeke mwenyewe, tuendelee."

Akaunyakua msumari pale mezani. Kabla haujafika kwenye tundu, Nukta alilifunika kwa kiganja.

Maji yalisikika yakidondoka kwenye ndoo kule pembeni.

"Shikamoo tena, mzee," alisema Nukta. "Lakini hapa hachomeki mtu asiye na zamu."

"Nukta! Toa mkono!" Mwalimu Mkuu alifoka. "Toa mkono au ukafungashe virago!"

Nukta alisimama kwa ncha za vidole ili kiganja kilifunike tundu sawasawa. Mkono haukutoka.

"Mkinifukuza leo, Mwalimu, nitaondoka na treni ya jioni," alisema. "Nayo itasimama darajani."

"Huyu mtoto ni wa nani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Wangu," alisema Mama Stesheni.

Watu walimpisha. Mkurugenzi aliiona sare, akaiona kofia, akashusha pumzi.

"Mama, wewe ni mfanyakazi wetu. Mwambie binti yako atoe mkono."

"Nisingependa kumwingilia, mzee. Mwenye zamu ni yeye," alisema Mama Stesheni. "Mimi leo nipo mapumziko."

Safari hii hawakucheka chini chini. Baba mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mkurugenzi aliuweka msumari mezani, akasema amefurahi sana, akaangalia saa yake. Mwalimu Mkuu akaikamata fursa hiyo kwa mikono miwili.

"Wazazi wapendwa, sasa tuelekee ukumbini, mgeni rasmi atatoa hotuba."

Wao wawili wakatoka. Hakuna aliyewafuata. Bibi mmoja wa darajani, aliyekuja kumwona mjukuu wake wa kidato cha kwanza, alivuta kiti, akakaa kando ya meza, akaweka mkoba mapajani.

"Bibi, hotuba inaanza," kiranja mmoja alimwambia kwa adabu.

"Isikilizeni tu, mjukuu wangu. Sisi treni yetu bado haijaondoka."

Mwingine akakaa. Na mwingine. Wasiopata viti walikaa sakafuni, migongo ukutani, mizigo miguuni, jinsi watu wanavyokaa wakiwa wamejua kwamba kungoja nako ni kazi. Kutoka ukumbini kipaza sauti kilisikika kikisema "halo, halo" kwa viti vitupu. Kikasema tena. Kisha kikazimwa.

Mwalimu Mkuu alirudi akitembea kama mtu mwenye kokoto viatuni. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Mkurugenzi.

"Wazazi, tatizo nini? Mnataka nini?"

"Hatutaki kitu, Mwalimu," alisema yule bibi. "Tuko safarini."

Mwalimu Mkuu alizungusha macho chumba kizima akitafuta hata mmoja wa upande wake. Hakumpata. Akamgeukia Nukta, na sauti yake ikatoka kwa shida, kama droo iliyovimba kwa mvua.

"Irudisheni."

Nukta hakungoja aambiwe mara ya pili. Kopo lilitolewa chini ya meza. Benchi, pipa, kengele, abiria, mbuzi, kila kimoja kikatua mahali pake, na watu wa darajani wakawa wanaelekeza kwa vidole: sogeza benchi kidogo, hapo, hapo ndipo ninapokaaga mimi. Mwisho Nukta alimtoa mama wa nta kwenye mfuko wa shati. Joto lilikuwa limemlainisha, kofia imelala upande. Alimsimamisha mbele ya stesheni hivyo hivyo, kofia upande, kama mtu anayetafuta ugomvi.

Kisha akaushika msumari, akamtazama mama yake. Mama Stesheni aliinua mkono juu, kama anavyouinua kila siku.

"Njia nyeupe," alisema.

Nukta akauchomeka. Treni ikavuka daraja, na kelele zilizopigwa mle ndani zilizidi za goli la fainali. Zilipotulia, baba aliyedondosha kofia alikuwa ameshasimama, amemgeukia Mkurugenzi.

"Mzee, kwa kuwa uko hapa, sisi wa darajani tuna maswali yetu. Hao abiria wachache unaowasema, ni sisi?"

Mkurugenzi aligeuka atoke, akakuta mlango umejaa wazazi waliosimama kwa utulivu mkubwa, kila mmoja na swali lake. Akarudi ndani, akaletewa kiti. Hakuwa ameahidi lolote bado, lakini alikuwa amekaa, na watu wa darajani hawakuonekana kuwa na haraka.

Katika vurugu hiyo Mwalimu Mkuu alimwinamia Nukta sikioni.

"Wewe. Ofisini kwangu. Sasa hivi."

Nukta hakuondoa macho yake kwenye ng'ambo ya daraja.

"Nitakuja, Mwalimu," alisema. "Treni ya kushuka ikishapita."