Kanuni ya Thelathini na Moja

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, akaunti ya muuguzi mkuu wa hospitali ya watoto ilifungwa. Sababu iliyoandikwa kando yake ilikuwa fupi: kanuni ya thelathini na moja, kuingia kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Muuguzi hakupiga simu ofisini. Alimpigia mdogo wake, kwa kuwa mdogo wake ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Kazini walimwita Mama Kanuni. Kati ya kanuni sitini na nne zilizolinda kumbukumbu za hospitali saba, hamsini zilitoka mkononi mwake. Kumbukumbu zenyewe hazikukaa hospitalini. Zilikaa kwenye wingu, maana yake kwenye kompyuta za kukodi zilizojaa katika maghala ya watu wengine, ng'ambo, na kampuni yake ilikuwa na kazi moja tu, kuzichunga.

"Mdogo wangu, askari wako amenifukuza kazi," dada alisema.

"Uliingia kwenye kompyuta mbili?"

"Nina mikono miwili, na yote imeshika mtoto. Hiyo ya pili ningeingia kwa mguu?"

Mama Kanuni alicheka, akaahidi kumfungulia ndani ya robo saa.

Askari hakuwa mtu. Ilikuwa programu: kanuni ikiona jambo, Askari hutenda, pasipo kumwuliza yeyote. Alifunga akaunti, alikata seva zenye dalili mbaya, na ikibidi alifuta hata nakala za akiba za seva hizo, ili ugonjwa usirudi kwa mlango wa nyuma. Hakulala, hakuumwa, hakuomba ruhusa ya kwenda msibani. Nakala iliyofutwa ilibaki kapuni kwa saa ishirini na nne, na katika muda huo watu wachache walioteuliwa waliweza kuirejesha. Baada ya hapo ilipotea moja kwa moja.

Kabla robo saa haijaisha, akaunti mbili zaidi zilikuwa zimefungwa, ya mfamasia na ya karani wa kumbukumbu, kila mmoja katika hospitali yake. Sababu ilikuwa ileile.

Mwenzake Mama Kanuni katika zamu, mwanamume wa miaka thelathini na miwili ambaye mvi zilimwahi hata wakamwita Babu, alisogeza kiti. Maoni yake yalikuwa kwamba kanuni imepata wazimu, kama kanuni zote zilizoandikwa siku ya Jumatatu. Mama Kanuni alimjibu kwamba hii iliandikwa Alhamisi, akafungua daftari la matukio.

Alianza pale panapoanzwa siku zote. Kanuni inasema sehemu mbili. Basi sehemu hizo ni zipi? Kwa akaunti ya dada yake alikuta sehemu moja, kompyuta ya wodini, tangu saa moja asubuhi. Kwa mfamasia, moja. Kwa karani, moja. Aliipitisha kanuni juu ya matukio ya jana na ya juzi, nayo ikakaa kimya, kama ilivyopasa. Aliipitisha juu ya matukio ya asubuhi hiyo. Ikakaa kimya tena. Wakati huo akaunti zilizofungwa zilikuwa tano, na alipojaribu kumfungulia dada yake, ilifungwa tena baada ya sekunde nne.

Babu alisema waizime, wachunguze baadaye. Ndivyo walivyozoea: kanuni ikileta kelele, wanaizima au wanaiandikia msamaha, yaani agizo la kuacha jambo fulani lipite, wanatia tarehe na herufi za jina, kazi inaendelea. Saa nne kasoro dakika tano Mama Kanuni aliizima kanuni ya thelathini na moja. Alihakikisha mara mbili kwamba imezimika.

Saa nne na dakika mbili akaunti ya sita ilifungwa. Sababu: kanuni ya thelathini na moja.

Kwenye ukuta wa mbele, skrini kubwa ilikuwa ya kijani kutoka kona hadi kona. Hakuna kengele iliyokuwa imelia tangu asubuhi.

"Kanuni iliyozimwa haiandiki sababu," Mama Kanuni alisema.

"Sasa nani ameandika?"

"Mtu."

Alikwenda kuangalia matendo ya Askari mwenyewe, akakuta ukurasa mtupu. Hapo akakumbuka, na mikono yake ikatulia juu ya meza. Miezi minane nyuma, katika zoezi, Askari alifunga akaunti nyingi kwa mkupuo, na kanuni ya kumi na mbili, inayomshika yeyote anayefunga akaunti nyingi, ikamkamata Askari mwenyewe. Ofisi nzima ilicheka wiki moja. Ili zoezi liendelee, yeye aliandika msamaha wa mstari mmoja: matendo ya Askari yasiangaliwe wala yasiandikwe kwenye skrini. Aliweka tarehe ya kuuondoa, Ijumaa ya wiki ile. Haukuondolewa. Mganga hajigangi, na mlinzi wao alikuwa amekaa miezi minane bila wa kumlinda. Aliyeupata ufunguo wa Askari angeweza kufanya lolote, na ukuta ungebaki kijani.

Saa nne na dakika kumi na tisa ikafungwa ya saba. Mama Kanuni aliandika majina yote saba kwenye karatasi, akayatazama kwa mpangilio wa vyeo, kisha wa hospitali. Kila hospitali ilikuwa na jina moja, wala hapakuwa na hospitali yenye mawili. Hao ndio walioteuliwa kurejesha nakala zilizofutwa. Dada yake alipewa haki hiyo mwaka jana, ofisa wa kumbukumbu alipostaafu na hakuna mwingine aliyeitaka. Waliobaki wenye haki hiyo walikuwa wawili, nao walikuwa wamekaa kwenye chumba hiki.

Kumnyang'anya Askari ufunguo kulihitaji watu wawili, mmoja aombe, mwingine akubali. Babu ndiye aliyelitunga sharti hilo na kulitetea kikaoni kwa methali, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mama Kanuni aliomba. Babu aliingiza neno lake la siri, akabonyeza, akangoja, akaingiza tena.

"Wamenitoa," alisema. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na sita.

Alitoka mbio kwenda kuwapigia wenye maghala ya kompyuta. Mama Kanuni akampigia dada yake.

Hospitali ya watoto iliacha karatasi miaka miwili iliyopita. Dozi zilipangwa kwa uzito wa mtoto na kubadilishwa kila asubuhi, na hazikuandikwa popote pengine. Wodi ya dada ilikuwa na vitanda thelathini na kimoja.

"Dada, tafuta yeyote ambaye kompyuta yake bado inafunguka. Nakili dozi zote kwa mkono. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Zitafutwa."

Dada hakuuliza la pili. Simu ilibaki wazi, na Mama Kanuni alisikia kiti kikiburuzwa, kisha muuguzi mmoja akianza kusoma kwa sauti na dada akirudia kila tarakimu.

Saa nne na dakika arobaini na saba aliufuta msamaha wake wa mstari mmoja. Alitarajia kanuni ya kumi na mbili imnase Askari papo hapo. Haikumnasa. Aliisoma upya: akaunti tano ndani ya dakika kumi. Asubuhi nzima hakuna dakika kumi zilizopita zikiwa na zaidi ya mbili. Kanuni iliandikwa kumshika mwenye haraka, na huyu aliyeushika ufunguo hakuwa na haraka. Alikuwa ameisoma.

Alifuta tano, akaandika moja, akabonyeza kuhifadhi. Skrini ilimwomba neno la siri. Aliliingiza. Saa nne na dakika hamsini na mbili akaunti yake ilifungwa, kwa kanuni ya thelathini na moja.

Babu alirudi akasema wenye maghala wamemsikiliza vizuri sana. Wako tayari kusimamisha kila kitu, mradi ombi lithibitishwe kupitia akaunti yake au ya Mama Kanuni.

Mama Kanuni aliweka simu mezani, akaifungulia spika. Kitanda cha kumi na mbili. Cha kumi na tatu, kilo nane na nusu. Kwenye cha kumi na sita dada alidai tarakimu irudiwe, na mdogo wake hakumharakisha. Babu alikuwa akiandika nambari za vitanda pembezoni mwa karatasi ya majina, moja chini ya nyingine.

Saa tano na dakika tisa, muuguzi alisoma jina la kitanda cha kumi na tisa, akasoma uzito, akataja dawa. Kisha akanyamaza.

"Miligramu ngapi?" dada aliuliza.

Muuguzi akajibu kwamba skrini imekuwa nyeupe.