Goti la Mzee Honi

Mimi ndiye niliyemfundisha mume wangu kumdanganya daktari, kwa hiyo msinionee huruma. Nilimfundisha kwa mwiko, jikoni kwangu mwenyewe.

Mume wangu anaendesha basi la shule. Miaka ishirini na miwili sasa, wala hajawahi kugonga hata kuku. Watoto wanamwita Mzee Honi, kwa zile honi zake tatu fupi kila akikata kona, na wengine aliowabeba chekechea leo wanampandishia watoto wao. Basi mtu huyo akapata kisukari, akakificha kama mtoto aliyevunja sahani. Ganzi ikaanza kwenye vidole vya miguu, ikapanda vifundoni, ikatambaa mpaka magotini, na yeye wimbo ni ule ule: "Viatu tu, mke wangu, vinabana."

Viatu gani! Miezi mitatu iliyopita alikwenda kupimwa kwa ajili ya leseni, nami nikamsindikiza. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wetu, alimgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaning'inia tu. Binti akatueleza taratibu kwamba kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari, na mingine inayorudisha amri. Ukigongwa pale, habari inakimbia mpaka kwenye uti wa mgongo na amri inarudi papo hapo, mguu unaruka kabla kichwa hakijajua kitu.

"Goti haliombi ruhusa kichwani, mama," aliniambia. "Lisiporuka, ujue njia imeharibika." Akamgeukia mume wangu. "Nakupa miezi mitatu ya dawa, mzee wangu. Ukirudi na goti halijaruka, sisaini."

Dawa alikunywa. Sukari ikashuka. Miguu sasa, wapi! Siku moja alirudi kazini nikaona damu sakafuni. Nilipomvua kiatu, msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, urefu wa kidole changu cha mwisho. Alikuwa amekanyagia pedali nao tangu asubuhi. Niliuchomoa kwa koleo huku nalia, yeye ananitazama kama anayemtazama fundi akitengeneza kiti.

"Acha kazi," nikamwambia. "Nakuomba. Wale ni watoto wa watu."

Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. "Nikiacha basi nitakuwa nani? Nikae barazani nihesabu magari ya wenzangu? Nisaidie, mama watoto. Mara hii moja tu."

Basi, ujinga wangu ukanishika mkono. Nikamkalisha juu ya meza ya jikoni, miguu ikining'inia, nikachukua mwiko. Mimi nagonga, yeye anarusha mguu. Mwanzoni alikuwa anachelewa.

"Goti gani hilo linalofikiri kwanza?" nikamkemea.

Siku nyingine alirusha kabla mwiko haujafika, akanitandika teke la tumbo, tukacheka mpaka machozi. Baada ya wiki mbili akaweza. Anaukazia mwiko macho, hapepesi, ukigusa tu, mguu juu.

Leo asubuhi, baada ya kuwashusha watoto shuleni, alinipitia na basi tupu twende kliniki. Nilikaa kiti cha mbele. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mama mmoja aliingia barabarani na mtoto mgongoni. Mume wangu alimwona. Kisha akaacha kutazama barabara, akainamisha kichwa, akautafuta mguu wake kwa macho na kuusindikiza mpaka kwenye breki. Basi lilisimama hatua moja kutoka kwa yule mama.

"Umeona?" akaniambia, anajisifu. "Bado niko vizuri."

Nilikuwa nimeubana mkoba mpaka kucha zinauma. Kumbe ndivyo anavyoendesha! Hajui mguu wake uko wapi mpaka auone, na kila siku ana watoto arobaini nyuma yake.

Kliniki foleni ilikuwa imefika nje, na binti daktari alikuwa na haraka. Akagonga goti la kulia, mguu ukaruka. Akagonga la kushoto, ukaruka.

"Haya, makubwa! Hongera, mzee wangu," akasema, akachukua kalamu.

Mume wangu akanikonyeza. Mkono wake ukautafuta wangu, umelowa jasho. Jamani, nampenda mtu huyu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze kabla sijafungua mdomo.

"Daktari," nikasema, "mwambie afumbe macho, halafu umgonge tena."

Akauachia mkono wangu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alijiweka sawa juu ya kitanda, akafumba macho, akakaza taya. Bado alikuwa na matumaini, maskini, kwamba akitulia vizuri ataweza kuisikia nyundo ikifika.

Binti akagonga. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Akahamia goti la pili, akagonga mara mbili. Miguu ilining'inia vile vile. Akanitazama, kisha akakiweka kinyundo mezani polepole.

"Gonga basi, daktari," mume wangu akasema, macho bado kayafumba. "Usinicheleweshe. Saa saba watoto wananisubiri."