Viti Havijazinduliwa

Dorkasi huvaa soksi zake kabla hajashuka kitandani. Ndivyo alivyoelekezwa na muuguzi: uvae asubuhi, mguu ungali mwembamba, kabla haujakanyaga sakafu. Anaigeuza soksi mpaka kisiginoni, anaingiza vidole, anaipandisha taratibu mpaka chini ya goti, kisha anapitisha kiganja kuondoa mikunjo, maana mkunjo mmoja ukibaki unakata nyama kama kamba. Ni soksi ngumu, zinabana zaidi kwenye kifundo kuliko kwenye shavu la mguu. Akimaliza anasali, anakunywa chai, anatoka Nzuguni kwenda kazini Mtumba.

Huko anafanya usafi katika jengo moja la ofisi. Hakuajiriwa na ofisi. Yeye na wenzake wako chini ya kampuni ya usafi, na msimamizi wao ni kijana anayeitwa Damas. Damas ana adabu. Hajawahi kumpita Dorkasi bila kumpa shikamoo, na hajawahi kumruhusu akae.

Si kwamba viti hakuna. Katika ukumbi wa chini, pale Dorkasi anaposimama na dekio lake kufuta nyayo za wanaoingia, vimepangwa viti vipya vya sponji, vimo ndani ya nailoni vile vile vilivyoshushwa kwenye lori. Havikaliwi kwa sababu havijazinduliwa. Mgeni rasmi alitarajiwa, akapata udhuru. Akatarajiwa tena, akasafiri. Mpaka utepe ukatwe, kazi ya viti hivyo ni kufutwa vumbi, na kazi ya kuvifuta ni ya Dorkasi. Anafuta nailoni kila asubuhi, halafu anasimama kando yake mpaka jioni.

"Hata juu ya ndoo tusikae?" Mwanaidi aliuliza walipoanza kazi. Mwanaidi ni mwenzake, mtu wa Busi huko Kondoa, na mdomo wake haulali.

"Mkubwa akipita akakukuta umekaa, atasema hapa hakuna kazi," Damas akamjibu.

"Na akinikuta nimeanguka?"

"Usianguke, dada."

"Bora nianguke. Aliyelala hakukatazwa."

Miguu ya Dorkasi ikavimba. Jioni viatu vilikuwa havitoki, na ukibonyeza muundi kidole kinaacha shimo. Wengine wakasema ni figo, wengine wakasema ni jirani. Muuguzi akampima presha, akampima mkojo, akashika mishipa ya nyayo kuona kama damu inafika, kisha akazungusha utepe wa kupimia kwenye kifundo na kwenye shavu la mguu.

"Moyo wako mzima, mama. Kazini unapata kukaa?"

"Viti vipo."

"Unavikalia?"

"Havijazinduliwa."

Muuguzi akafungua kabati, akatoa soksi. Akamwambia usiku avue, ainue miguu juu ya mto. Ila dawa yenyewe hasa, akasema, ni kiti.

Soksi zilimsaidia siku ile ile. Miguu haikuwaka moto, viatu vilitoka bila kuvutwa. Ila jioni, alipokaa ukingoni mwa kitanda akavua soksi ya kulia, maji yakatoka. Yalitoka unyayoni kama bomba lililofunguliwa nusu, mfululizo, beseni likajaa, akavuta ndoo. Ya kushoto ikajaza dumu. Dorkasi akayaonja. Yalikuwa baridi na matamu, hayana ile chumvi ya kisimani. Akapikia ugali na mlenda, akamshukuru Mungu, akala.

Mtaani mabomba yalikuwa makavu. Kesho yake akaja Lydia wa nyumba ya pili, na ndoo mkononi.

"Yanatoa povu?"

"Yanatoa."

"Basi nijazie, mama Abeli. Haya ya kisimani yanamaliza sabuni bure."

Wakaja na wengine. Walikuwa wanapanga madumu mlangoni kabla hajarudi, na akichelewa wananung'unika. Hakuna aliyeuliza kwa nini maji yanatoka mguuni mwa mtu. Waliuliza yatatoka saa ngapi.

Mwanaidi naye alikuwa amevimba, naye akapewa soksi. Yake yalitoka ya vuguvugu. Akaenda kumuuliza shehe kama yanafaa kutia udhu. Shehe akasema maji ni maji, ilimradi hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Mwanaidi akatia udhu.

"Lakini mbona yangu yana joto?" akamuuliza Dorkasi.

"Una hasira."

"Kwani wewe huna?"

"Ninayo. Yangu ya siku nyingi, imeshapoa."

Habari zikamfikia Damas. Wakati huo pampu ya jengo ilikuwa imeharibika, na fundi alikuwa akisubiriwa. Damas akawaagiza wawe wanavua soksi hapo hapo kazini, mchana, maji yapigiwe deki. Kuvua soksi za namna ile ukiwa umesimama ni kazi ya watu wawili. Dorkasi aliegemea ukuta, Mwanaidi akapiga magoti akavuta. Kisha wakabadilishana, na kuzivaa tena ikawa ni hivyo hivyo. Sakafu zikang'aa. Jioni Nzuguni yalitoka ya kujaza kikombe tu, na majirani wakabeba madumu yao bila kuaga. Kampuni ikasifiwa kwa ubunifu. Fundi wa pampu akaambiwa asije tena.

Dorkasi akamfuata Damas.

"Mwanangu, naomba kiti. Si vile vya ukumbini. Kigoda nitakuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani."

"Mama, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi," Damas akasema. "Lakini fikiria na wewe. Ukikaa, miguu haitajaa. Isipojaa, tutapigia deki nini?"

"Mama yako mzazi anasimama?"

"Aa, yule yuko nyumbani, anapumzika."

Jioni ile Dorkasi hakusali sala ndefu. Alisema, "Bwana, wewe ulichukua maji ukawaosha watu miguu. Hawa wanachukua miguu yangu wanaosha sakafu. Unaona." Akasema amina, akainua miguu juu ya mto.

Hatimaye mgeni rasmi akaja. Hakuja kuzindua viti, alikuja kuzindua maji. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka kifundo cha Dorkasi mpaka kifundo cha Mwanaidi, nao wakasimama bila kusogea usije ukakatika kabla ya wakati. Wageni wakakalishwa kwenye vile viti vipya, juu ya nailoni, ikawa inalia kila mtu akijigeuza. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilihusu kutumia vyanzo vya ndani na kutokungoja misaada. Utepe ukakatwa, soksi zikavutwa, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa. Mgeni rasmi akakinga mkono, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama una neno?" akauliza, akamsogezea kipaza sauti.

"Naomba kukaa," Dorkasi akasema.

Ukumbi mzima ukacheka, watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema ombi limepokelewa na litafanyiwa kazi. Akaingia kwenye gari.

Na kweli, likafanyiwa kazi. Kesho yake asubuhi Dorkasi alikuta kiti kimoja kimetolewa mstarini, nailoni imechanwa yote, kimewekwa pale pale anaposimama. Sponji yake ilikuwa nene, ya buluu, haijawahi kuguswa. Mwanaidi alikitazama kiti, akamtazama Dorkasi.

"Haya, mama Abeli. Anza wewe, mkubwa."

Dorkasi akaegemeza dekio ukutani. Akakusanya sketi yake kwa nyuma, akashika egemeo.

"Samahani, mama, samahani," Damas akasema, anakuja mbio na ndoo mpya yenye koki. Akaipitisha ubavuni mwake, akaiweka juu ya kiti, akaisukuma mpaka ikakaa vizuri katikati ya sponji. Akaeleza kwamba wakubwa wameyapenda maji, sasa watakuwa wanakunywa, na si vizuri wakubwa wakiinama mpaka chini kukinga kikombe.

Kisha akakumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mchana waliijaza ndoo, mmoja akiegemea ukuta, mwingine akivuta. Koki ilikuwa inavuja kidogo. Tone likaangukia kwenye sponji, likafuata jingine. Dorkasi akatoa kitambaa, akakifuta kiti, akasimama kando yake.