Sahihi ya Toivo Lampi

Jumanne saa tisa alasiri, Darlene Kovanen alikuwa akipasha supu ofisini, mjini Duluth, Marekani, Toivo Lampi alipoingia na kutundika koti lake. Toivo alikuwa amezikwa Machi. Darlene alimsogezea kiti.

Ofisi hiyo huandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu za pampu zinazotia dawa mishipani mwa wagonjwa. Walikuwa watu kumi na mmoja. Ilipoletwa akili mnemba wakabaki wawili, na Toivo, aliyejifunza kazi kwa vitabu vya kuazima, akaiandikia mashine mwongozo wa kurasa nne: ipime nafasi kabla ya kunakili kitu ndani yake, ikishaachia kipande cha kumbukumbu isikiguse tena, na isitie sahihi kamwe. Sahihi ni ya binadamu aliyesoma. Kampuni iliusifu mwongozo mkutanoni bila kutaja jina lake. Sisi tunalitaja.

Mashine ilitii. Iliandika mistari elfu sita kwa siku, ikamwachia Darlene pa kutia sahihi.

“Umefika wapi?” Toivo aliuliza.

“Mstari wa mia nane, mzee. Macho yamegoma.”

“Sogea basi. Mie silali siku hizi.”

Alhamisi Toivo alikuwa amesoma mistari yote. Kidole chake kilipenya kioo cha kompyuta hadi kwenye mstari wenyewe.

“Nafasi nane, na mashine imemwaga namba tisa. Ya tisa inaangukia kwenye kipimo cha dawa.”

“Mgonjwa atapata kiasi gani?”

“Tone moja. Au chupa nzima.”

Darlene alikataa kutia sahihi. Meneja, Brent Halvorsen, akateremka mwenyewe.

“Darlene, malori yanapakia. Tia tu, tutarekebisha toleo lijalo.”

“Tia ya kwako.”

“Mimi sijasoma.”

“Haya, umejijibu.”

Brent akamgeukia Toivo, akamsalimia. “Wewe umesoma?”

“Mstari kwa mstari.”

“Mwongozo wako unataka binadamu aliyesoma. Hausemi awe hai.”

Toivo alizipitia kurasa zake nne. Ni kweli, hausemi.

“Hilo sikuliwaza,” alisema.

“Mzee, usitie,” Darlene alisema.

“Nisipotia mimi, watatafuta asiyesoma.” Akaikwangua namba ya tisa kwa ukucha, akatia sahihi.

Ijumaa Toivo alipewa kitambulisho chenye picha, na Darlene akapewa sanduku la kuwekea vitu vyake aondoke. Kwa kuwa msomaji mpya hana usingizi, mashine iliruhusiwa mistari elfu arobaini kwa siku. Toivo alisoma elfu ishirini na tisa, na Brent akamwambia hiyo inatosha, tia.

Juni, pampu moja ilimmiminia mama mmoja wa watoto watatu dawa ya siku nne kwa dakika kumi. Mawakili wa kampuni walimtafuta mwenye sahihi, wakapelekwa makaburini. Walinakili tarehe mbili zilizochongwa kwenye jiwe, ya kuzaliwa na ya kufa, wakaona zimepangana sawasawa na kwamba marehemu hashtakiwi, wakafunga faili.