Koili ya Kwanza ya Afande Okwir

Pakiti ya sigara ilitua mezani kabla mwenyewe hajaketi. Haikuwa imefunguliwa, karatasi yake ya nailoni bado ilikuwa inang'aa. Oduor aliitazama, akaweka koleo chini, akashusha pumzi ndefu kwa pua.

"Si hii," alisema Okwir, akaiweka veipu yake, ile sigara ya umeme, kando ya pakiti.

"Si hii namna gani, afande?"

"Si hii. Ladha hapana. Iko kama kulamba kijiko."

Hiyo ilikuwa mara ya nne katika siku tisa.

Okwir alikuwa polisi kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka hiyo yote alikuwa na sigara mdomoni au nyuma ya sikio. Mwaka jana daktari mmoja wa hospitali ya Mulago alimwonyesha picha ya kifua chake, akamwambia aache. Mpwa wake akamletea veipu kutoka Nairobi. Daktari hakuwa amesema lolote kuhusu kifaa hicho, na Okwir hakuwa amemuuliza. Koili ya kwanza aliyoichukua kwa Oduor, kizingo cha waya kinachochemsha juisi ya ladha kuwa mvuke, ilimkaa miezi mitatu, akibadilisha tu pamba ya kunyonya juisi, na kwa miezi hiyo mitatu hakugusa sigara hata moja. Kisha ikaungua, maana hakuna koili isiyoungua. Siku ileile alinunua pakiti.

"Siku utakaposhindwa," Okwir alikuwa amemwambia Oduor, "nitaifungua hapahapa, mbele ya macho yako."

Basi kila alipokuja alikuja nayo, akaiweka mezani, na Oduor akafanya kazi huku inamtazama.

Sheria ya Uganda inakataza kuuza veipu. Oduor hakuuza. Alitengeneza simu na redio katika nusu ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya Bukoto, na mtu akija na veipu iliyokufa, aliisukia koili mpya. Kwa kazi hiyo hapakuwa na fundi kama yeye kutoka Bukoto hadi Kisumu. Hayo aliyasema mwenyewe, bila kuombwa. Nusu ya pili ya chumba, ng'ambo ya pazia la maua, ilikuwa saluni ya Nabangala, msusi wa kutoka Busia, ambaye alisikia kila kitu na hakujifanya hasikii.

Oduor aliichukua veipu, akaifungua kichwa. Koili yake ya nne ilikuwa humo, safi, nzuri kama kitu cha dukani. Ilimuuma kuitazama.

Ya kwanza kati ya hizi nne alikuwa ameisuka kwa waya wa namba ishirini na nane, mizunguko saba, imekaa bega kwa bega. Mzee akasema ina ladha ya bati. Ya pili akatumia namba thelathini na mbili, maana namba ikipanda ndipo waya unapokuwa mwembamba. Ikapata moto kufumba na kufumbua, ikaunguza pamba. Mzee akasema, "Umenipikia shati." Ya tatu akaenda kwa waya mnene, namba ishirini na nne, mizunguko mitano. Huo ulichelewa kupata moto, lakini ulipopata ulitoa wingu la kujaza chumba, mpaka wateja wa Nabangala wakakohoa. Mzee akapunga wingu kwa mkono, akauliza, "Moshi naona. Ladha ya fenesi iko wapi?" Na hii ya nne alikuwa ameacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ili juisi ipite vizuri. Kijiko.

"Juisi ni ileile?" aliuliza Oduor.

"Ileile. Fenesi."

"Na pamba? Ulikaza sana?"

"Kijana, mimi nimehoji watu toka wewe hujazaliwa. Usinihoji."

Ng'ambo ya pazia mtu alicheka.

"Jirani," ilisema sauti ya Nabangala, "si uombe ile ya zamani uitazame?"

"Wewe shughulika na vichwa."

"Nashughulika. Hata hicho chako kingeletwa huku, kina kazi."

Okwir aliingiza vidole katika mfuko wa shati, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa na kubanwa kwa pini mbili za stepla. Juu yake palikuwa na tarehe, saa, na jina lake kamili kwa herufi kubwa. Aliisukuma mezani.

"Kielelezo," alisema.

"Unayo? Afande, unayo muda huu wote? Mbona hukuileta?"

"Nimeileta. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila siku unasema, 'Najua nilichosuka, sihitaji kuona.'"

Oduor aliivuta ile karatasi upande wake. Alikuwa amesema hivyo. Hata kidole alikuwa amekiinua.

Aling'oa pini, akaikunjua karatasi, akashusha kioo cha kukuzia. Koili ilikuwa nyeusi kwa masizi. Aliisugua taratibu kwa brashi, na kadiri ilivyosafika ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Haukuwa waya mmoja. Zilikuwa nyuzi mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, na mizunguko yake imekaa vibaya, huku imepanda, kule imelala. Mguu mmoja wa koili ulikuwa umekunjwa nchani na kuzungushiwa mara tatu, kama mtu aliyeogopa isifumuke.

"Hii si yangu," alisema.

"Ni yako. Nimechukua hapa."

"Afande, mimi siwezi kusuka kitu kama hiki hata nikiwa na malaria. Nani mwingine amegusa veipu yako?"

"Nimechukua kwa meza hii. Wewe ulikuwa umeenda bandarini Port Bell kufuata mzigo. Mama huyu wa saluni ndiye alinipa."

Ng'ambo ya pazia draya ya kukaushia nywele ilizimwa. Oduor aliinuka na kulivuta pazia kwa nguvu, pete zake zikalia. Nabangala alikuwa amesimama nyuma ya mteja wake, binti aliyeitwa Shakirah, anamsuka twisti, misokoto ya nywele mbilimbili. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Kila twisti ilimalizikia kwenye ncha iliyokunjwa na kuzungushiwa mara tatu.

"Ulifanya nini na koili yangu?"

"Ile uliyomwachia mzee ilianguka," alisema Nabangala bila kuinua macho. "Nikaifagia pamoja na nywele. Mzee ameketi anangoja, simu hushiki. Nikachukua waya wako mwembamba, nyuzi mbili, nikasokota, nikazungushia kwenye bisibisi kama unavyofanyaga wewe. Huyu afande mwenyewe akaifunga."

"Miezi mitatu hukuniambia."

"Ungepiga kelele."

"Nisingepiga kelele," alisema Oduor, na Shakirah akaziba masikio.

Alirudi mezani kwake na masikio yanawaka. Kilichomchoma zaidi ni kwamba alielewa. Nyuzi mbili nyembamba hupata moto upesi. Zikiwa pamoja zina mwili wa kutosha wa kutounguza pamba. Na katika kile kifereji kati ya uzi na uzi, juisi hukaa, ikachemka polepole na kutoa ladha yake yote. Alikuwa ameyaona haya kwenye video, mwaka juzi, na akayaita mapambo ya watoto wa Nairobi.

"Nipe dakika kumi," alimwambia Okwir.

Alikata nyuzi mbili za namba thelathini na mbili, akazifunga kwenye drili, akabonyeza. Zilikatika. Okwir aliigeuza pakiti, akatafuta kwa ukucha kile kiuzi chekundu cha kufungulia. Oduor alikata nyingine, akazungusha kwa uangalifu zaidi. Zikasokotana zikabana mpaka zikawa kama waya mmoja mnene, laini, wa kupendeza. Alisuka koili ya mizunguko sita iliyonyooka kama mstari, akaifunga, akatia pamba, akatia juisi.

Okwir alivuta mara moja.

"Kijiko," alisema. Akakivuta kiuzi chekundu. Nailoni ikapasuka hadi nusu ya pakiti. Kisha akaiinua pakiti, akainusa, na Oduor, aliyekuwa na jibu kali tayari mdomoni, alimwona akiinusa mara ya pili.

Alilimeza jibu.

"Nabangala."

"Ninasuka."

"Naomba unisaidie."

"Sijasikia. Draya inapiga kelele."

Draya ilikuwa imezimwa tangu zamani. Oduor alihesabu maua matano ya pazia.

"Naomba," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "unionyeshe ulivyosokota."

"Haya. Njoo uketi kwenye benchi. Shakirah ndiye mwenye zamu."

Akaketi. Okwir akamfuata, akajibana kati yake na ndoo ya maji, pakiti juu ya goti. Nusu saa walitazama vidole vya Nabangala. Oduor alitaka kusema kwamba nywele si waya, akajizuia; alitaka kusema kwamba ana kazi, akaikumbuka pakiti.

Shakirah alipoinuka na kioo mkononi, Nabangala aliketi mahali pake, akapokea nyuzi mbili, akazishika kama nywele, akaanza kuzisokota kwa vidole vitupu.

"Tatizo lako unavuta," alisema. "Nywele ukiivuta mpaka ikalia, mafuta hayakai. Inakaa kavu, mtu anawashwa wiki nzima. Ona. Legeza. Iache ipumue."

"Mizunguko imekaa upande," alisema Oduor alipomwona anauzungushia msokoto kwenye bisibisi.

"Anaivuta afande au anaipiga picha?"

Alimaliza, akakunja ncha, akaizungushia mara tatu. Hapakuwa na haja yoyote ya kuzungushia. Oduor aliifunga koili jinsi ilivyo, akatia pamba na juisi, akampa mzee.

Okwir alivuta. Alifumba macho, akaushikilia mvuke muda mrefu mpaka Shakirah akaacha kujitazama kwenye kioo.

"Fenesi," alisema. "Imeiva."

Akainuka, akaitupa pakiti katika kikapu cha Nabangala, juu ya nywele zilizofagiwa, na kabla hajatoka akampigia msusi saluti. Oduor alimpungia mkono tu.

Wiki mbili baadaye Okwir alirudi, safari hii na mwenzake mstaafu aliyekuwa na veipu kama yake. Oduor aliwaona wakija, akapangusa meza, akawasha taa ya kazi. Walipita mbele yake, wakalivuta pazia, wakaketi kwenye benchi nyuma ya wanawake watatu.

"Afande," alisema Oduor, "meza ya koili ni hii."

"Hiyo ya simu," alijibu Okwir. "Kazi njema."

Oduor alizima taa. Aliwasikia wanacheka kule ndani. Kisha akakata nyuzi mbili za namba thelathini na mbili, akazipachika nyuma ya sikio, akaenda kushika nafasi ya sita kwenye foleni.