Fundi Aliyeshindwa Kupinda Tu

Kisa hiki ni kweli tupu. Anayebisha akamuulize fundi mwenyewe, na akitaka kukemewa, amuulize shemeji yake.

Fundi alishonea mtaa mzima kwa miaka thelathini. Kisha watu wakahamia suruali za dukani, na cherehani yake ikageuka meza ya redio. Mnunuzi alishapatikana, angeifuata Jumamosi. Fundi alidai haimuumi, ila kila asubuhi aliitia mafuta.

Jumatatu akaingia shemeji, dada wa mkewe, mwenye duka la suruali hizohizo.

"Wateja wangu wote wanalia na urefu," alisema. "Lete cherehani mlangoni kwangu. Unakata, unapinda, dakika kumi kwisha."

"Mimi niliyevalisha mabwana harusi, leo nikate miguu ya suruali?"

"Kata miguu, shemeji. Jumamosi wanakuja kuchukua mikono yako."

Fundi akahama na cherehani yake. Suruali ya kwanza aliigeuza ndani nje, akaona mshono umekwenda upogo kama mlevi anayetafuta kwao. Moyo ukagoma. Akaifumua yote, mpaka zipu, akaishona upya. Hadi jioni alikuwa amemaliza tatu, na wateja tisa wamenuna kwenye benchi.

"Nilikwambia upinde," shemeji alisema, "sikukwambia uumbe."

"Sipindi juu ya mshono wa uongo."

"Basi Jumamosi usinililie."

Alhamisi wale watatu walioshonewa upya wakarudi, kila mmoja amekumbatia suruali zake zote za nyumbani, na jirani nyuma. Shemeji aliwatazama wanavyotembea. Suruali ziliwakaa kama wamezaliwa nazo. Mfanyabiashara habishani na anachokiona. Palepale akamleta mama mmoja mshonaji wa kupinda kwa dakika kumi, na fundi akaachiwa kufumua, kwa bei mara tatu na siku ya miadi.

Jumamosi mnunuzi alipokuja, alikuta foleni ya watu mia mbili mpaka njia panda. Aliondoka bila cherehani, mkononi ana kikaratasi: suruali yake itakuwa tayari mwezi ujao.

"Mia mbili?" fundi aliuliza msimulizi alipomsomea haya, pini mdomoni. "Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulikuwa wewe, mzee, unadai punguzo la uzee."

Shemeji akanyoosha mkono. Msimulizi amelipa bei kamili.