Taa ya Skolastika

Wiki ya mbalamwezi dagaa hawafuati taa wala hawavuliwi, kwa hiyo vichanja vya kuanikia vya Kibirizi, kando ya ziwa, vilikuwa vitupu na wanawake walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Catherine, aliyemaliza chuo mwaka jana, alikuwa akiwasomea mama yake, Skolastika, na jirani yao Yunisi maswali ya kipimo cha haiba kutoka kwenye simu. Aliamini kwamba mtu akijijua, kukua kwake hakuzuiliki.

Kipimo kilisema Yunisi ni mpole na mvumilivu.

"Kikamwambie na mume wangu," alisema Yunisi.

Kilisema Skolastika ni mfuasi. Catherine aliitazama simu, kisha akamtazama mama yake, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alianika dagaa mpaka akamalizia boti waliyoianza pamoja.

"Mama, umejibu kama nani?"

"Kama mwanamke anavyotakiwa kujibu."

"Rudia. Safari hii ujibu wewe."

Skolastika akarudia. Je, unapenda kuongoza? Ndiyo. Mwanga mdogo ukawaka kifuani mwake, chini ya kitenge. Je, unaogopa usichokijua? Hapana. Mwanga ukaongezeka. Je, kuna jambo unalitaka na hujawahi kulisema?

"Nataka kuwa nahodha wa boti yangu."

Yunisi, aliyekuwa akichambua mchele, alimwomba asogee karibu, kwa sababu jua lilikuwa linazama na macho yake si kama zamani.

Skolastika alipoingia ziwani kunawa miguu, dagaa walimjia, ingawa mwezi ulikuwa umeshachomoza. Walimzunguka magotini. Wanawake wakaenda kuchukua mabeseni.

Asubuhi alikuja Meshack, mdogo wa marehemu, aliyekuwa nahodha wa boti ile.

"Mwakeye, shemeji. Nasikia una taa."

"Ninayo."

"Haili betri?"

"Inakula ugali, kama wewe."

"Basi giza likirudi tuifunge kwenye boti."

"Nitapanda nayo. Nitashika usukani."

Meshack alifikiri kwa heshima. "Mwanamke hapandi boti ya uvuvi, shemeji. Samaki hukimbia."

"Jana walikuja wenyewe."

"Waliifuata taa."

Aliuliza kama inaweza kufunguliwa. Skolastika alimjibu kwamba haina skrubu.

Giza liliporudi, Skolastika alipanda kwenye mwamba unaoingia majini akafungua kitenge kidogo mabegani. Dagaa wakaja, na boti zikaja nyuma yao. Tangu hapo ndiye anayezipanga. "Meshack, subiri. Feliksi, shusha wavu." Wanasubiri na wanashusha. Sauti yake inafika mbali, na haijawahi kukosea. Wakirudi na mabeseni yamejaa, wavuvi humsifu Meshack kwa unahodha wake, naye hupokea sifa hizo. Boti ya Skolastika hutoka kila jioni bila Skolastika.

Wanawake wa vichanja siku hizi hutembea wameinua shingo. Yunisi ameomba naye arudie kipimo chake; mpaka sasa vinawaka vidole viwili.

Jioni, Catherine huwapandisha wageni mlimani, mahali ambapo Kibirizi yote inaonekana. Taa za wavuvi hupanda na kushuka na mawimbi. Wageni wakimuuliza ya mama yake ni ipi, hunyoosha mkono bila haraka.

"Ile isiyoyumba."